Direkteri Kambere Ajifunza Kusoma Picha

Uliza mtu yeyote wa Himbi, hapa Goma, ni nani anasoma vizuri kuliko wote katika parokia, atakuambia ni Muzee Kambere. Ukimuuliza Muzee Kambere mwenyewe, naye atakujibu hivyo hivyo, tena bila kuona haya. Aliongoza shule ya msingi miaka mingi, na ingawa ameshastaafu, watu bado wanamwita Direkteri. Jumapili, misa ya kwanza, akipanda kusoma somo hata watoto wachanga wananyamaza. Hakwami, hakohoi, hamezi neno. Yale majina marefu ya Waisraeli wa zamani, ambayo wasomaji wengine wanayapita mbio mbio kama mtu anayepita karibu na mbwa wa jirani, yeye anayatamka moja moja, kwa raha zake. Mke wake, Mama Kahindo, husema: "Namushukuru Mungu hakumupa na sauti ya kuimba. Tungekaa wapi?"

Basi huyo ndiye aliyeshindwa kusoma kitabu cha watoto. Nitawaeleza ilivyokuwa, lakini msianze kucheka sasa. Cheko mtalihitaji mbele.

Kambere ana rafiki wa kufa na kuzikana, jina lake Habumugisha. Kambere ni Munande wa Butembo, Habumugisha ni mtu wa Rutshuru, na tangu wajuane kila mmoja anaamini kwamba chakula cha kwao ni chakula na cha mwenzake ni adhabu. Zamani Habumugisha alifanya kazi Bunagana, mpakani, akitengeneza karatasi za malori forodhani. Kazi yenyewe ilikuwa kungoja. Lori lingoje muhuri, dereva angoje lori, Habumugisha angoje wote. Na katika kungoja huko akapata ugonjwa wa kusoma bedé, vile vitabu vya hadithi za picha. Tena si bedé yoyote tu. Yeye alitaka za mashujaa: watu wanaoruka juu ya majumba, wanaoinua magari kwa mkono mmoja, wanaovaa barakoa mchana kweupe na hakuna anayewauliza kitambulisho.

Kambere alimcheka miaka yote hiyo. "Mutu muzima na ndevu zake, anasoma mambo ya batoto!"

Habumugisha naye alikuwa na jibu lake. "Direkteri, usikate kesi kama hujafungua dosie ukasoma karatasi zake."

Hawakugombana kamwe juu ya hilo. Walichokozana tu, kama ilivyo desturi ya watu wanaopendana.

Halafu mtoto wa jicho akamwingia Habumugisha. Alianza jicho la kuume, akahamia la kushoto, mpaka yule mzee akawa anaona dunia kama mtu anayechungulia ndani ya sufuria ya maziwa. Daktari alisema si jambo la kutisha: operesheni fupi, jicho moja kwanza, lingine baadaye, kesho yake bandeji inafunguliwa. Ila asichelewe sana, kwa sababu utando ule ukizidi kukomaa, kazi inakuwa ngumu. Habumugisha akakataa katakata.

"Leo ninaona vivuli," alimwambia binti yake, Munezero, anayeishi naye. "Mutu akiingia, ninajua ameingia. Kisu kikiteleza, hata vivuli vyangu vitaenda. Heri nusu shari kuliko shari kamili."

Munezero alibembeleza, akalia, akanuna, mwishowe akaleta padri. Padri alikunywa chai akarudi alikotoka. Hapo ndipo Munezero alipopata wazo la kumnunulia baba yake kitabu. Baba yake alikuwa akifuata hadithi ya shujaa mmoja mshona nguo, Mama Tetemeko, tangu enzi za Bunagana. Kitabu cha mwisho cha hadithi hiyo kilikuwa kimetoka, na Munezero akamwagiza mtu akakileta kutoka Kinshasa. Alidhani mzee akikipapasa tu atatamani macho yake. Kumbe mzee alikishika, akakinusa, akakipakata siku nzima.

Kambere alimkuta hivyo barazani. Kitabu kilikuwa juu ya magoti, kimegeuzwa juu chini, na mwenye kitabu hajui. Kambere alivua kofia. Akakaa karibu naye.

"Ni wewe, Direkteri? Ninasikia unavyopumua kama mutu wa Butembo."

"Ni mimi."

"Munezero anajaribu kunisomea, lakini anasoma kama mutu anakimbia mvua. Tena ana kazi yake. Wewe unasomea parokia nzima. Nisomee mimi."

"Kitabu cha batoto?" alisema Kambere, na moyoni akafurahi kwamba kuna kitu anaweza kufanya. "Leta hapa."

Alivaa miwani. Akasimama, kwa sababu kusoma akiwa amekaa hawezi. Akasafisha koo na kuanza, kwa sauti ile ile ya Jumapili:

"Saidieni! Paa linaanguka! Asiogope mtu, nimefika! Mtoto wangu mzima! Nikushukuru vipi? Mama, niko hapa chini! Gudum! Rudi nyumbani, mama, mimi nina nguo za kushona." Akainua kichwa. "Neno la Bwana."

"Tumshukuru Mungu," alijibu Habumugisha, maana ulimi una mazoea. Kisha akakunja uso. "Ngoja kwanza. Mutoto alikuwa ameokoka, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Halafu akaita tena kutoka chini?"

"Ndiyo."

"Halafu gudum?"

"Gudum, kwa herufi kubwa."

"Na mama yake anaambiwa arudi nyumbani? Mutoto amekufa, na Mama Tetemeko anaenda kushona nguo?"

"Ndivyo imeandikwa," alisema Kambere. "Mimi nilikuambia zamani, hivi vitabu havina akili."

Aliendelea ukurasa wa pili, na wa tatu, na mambo yakazidi kuharibika. Watu walijibu kabla ya kuulizwa. Mwizi alifungwa kwanza, akaiba baadaye. Habumugisha aliinua mkono polepole. "Inatosha, ndugu yangu. Wamemuharibu. Alikuwa mwanamke wa maana sana." Akageuza uso upande wa ukuta.

Kambere alirudi kwake akiwa ameshinda kesi ya miaka mingi, na ushindi ule haukuwa na utamu wowote. Usiku hakulala vizuri. Mama Kahindo alimuuliza ana nini, akasema hana kitu. Asubuhi chai ilimshinda, akachukua kofia akarudi kwa rafiki yake.

"Nieleze jambo moja," alisema hata kabla ya salamu. "Mimi ni mutu wa vitabu. Haiwezekani mutu apige chapa upuuzi kama ule, auze mpaka Kinshasa. Kosa liko wapi?"

Habumugisha alifikiri. "Ukurasa una visanduku, si ndiyo? Huku na huku. Wewe ulivisoma namna gani? Ulivuka ao ulishuka?"

"Nilishuka," alisema Kambere kwa heshima yake yote. "Nilimaliza safu ya kushoto mpaka chini, nikapanda safu ya kuume. Kama misale. Kama Biblia. Kitabu kinasomwa namna gani ingine?"

Kwanza hakukutokea sauti. Mabega ya Habumugisha yalianza kutikisika, kisha tumbo, kisha kiti. Kilipokuja kicheko chenyewe, kilikuja na machozi na kikohozi na "Mana we! Mana we!" mpaka Munezero akatoka mbio jikoni akiwa na mwiko mkononi, akidhani baba anakufa. Alimkuta baba yake amejikunja, akipiga goti kwa kofi, na Direkteri amesimama kando kama mwanafunzi aliyechelewa. Munezero hakuwa amemsikia baba yake akicheka tangu macho yaanze kufifia. Aliketi pale pale kwenye ngazi akacheka naye, ingawa hakujua wanacheka nini.

"Ameisoma Mama Tetemeko kama waraka kwa Wakorintho!" Habumugisha alimudu kusema. "Amemuzika mutoto muzima!"

Sasa Kambere angeweza kukasirika. Watu wa cheo chake wamekasirika kwa madogo kuliko hayo. Lakini alimtazama rafiki yake pale anapofuta machozi ya kicheko kwa mkono wa shati, akaona kwamba kwa kicheko kama hicho yuko tayari kuwa mjinga wiki nzima. Ukitaka cha mvunguni, sharti uiname. Akavuta kiti, akaketi. "Basi nifundishe," alisema.

Ndivyo kipofu alivyoanza kumfundisha mwenye macho kusoma.

Alikuwa mwalimu mkali, yule! "Unavuka, kushoto kwenda kuume, halafu unashuka safu ya chini, unavuka tena. Rudia!" Kambere alirudia ukurasa wa kwanza, na mtoto akaokoka kwa mpangilio unaofaa. Lakini Habumugisha hakuridhika. "Unanisomea maneno tu. Picha ziko wapi? Maneno ni chumvi, picha ndiyo bugali. Unanilisha chumvi tupu."

"Picha zinasomwaje? Picha ni picha."

"Niambie unaona nini."

"Naona mwanamke."

"Mwanamke! Hata mimi na macho haya ninaweza kuona mwanamke. Amesimama namna gani? Uso wake unasema nini? Mwangaza unatoka wapi? Mguu uko juu ao uko chini?"

Kambere akainamia ukurasa mpaka pua ikakaribia karatasi. Na hapo, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, alitazama. Aliona kwamba yule mwanamke mnene mwenye barakoa ya kitambaa ameinua mguu wa kuume, lakini uso umegeukia nyumba za mabanzi ya mbao zilizopangana nyuma yake, na macho yana hofu. Alieleza hayo, polepole. Habumugisha aliitikia kwa kichwa. "Sawa. Unajua juu ya nini anaogopa? Nguvu zake ziko mguuni. Akikanyaga, adui anaanguka. Lakini ardhi haichagui. Kila mara akiinua mguu hajui kama nyumba za maskini zitabaki zimesimama. Na mutu hawezi kukaa na mguu mumoja juu maisha yote, sivyo? Lazima akanyage."

"Kumbe ana akili," alisema Kambere.

"Kumbe!" alisema Habumugisha, na raha aliyoiweka katika neno hilo moja ilikuwa ya miaka.

Tangu siku hiyo Kambere alikuja kila alasiri. Alijifunza kwamba maneno yaliyo ndani ya wingu ni mawazo, hayasemwi kwa sauti. Wingu likiwa na miiba, mtu anapiga kelele. Kisanduku kirefu na chembamba maana yake shuka haraka. Kisanduku kipana kisicho na neno hata moja, hapo nyamaza, vuta pumzi, mpe msikilizaji nafasi. Kitu kilichomshangaza zaidi ni ule mstari mweupe kati ya kisanduku na kisanduku.

"Hapo ndipo kazi yako," alisema Habumugisha. "Huku ngumi imeinuliwa. Kule adui yuko chini. Nani alichora ngumi ikipiga?"

Kambere alitafuta. "Hakuna."

"Wewe. Umeichora wewe kichwani, bila kujua. Ndiyo maana mutu wa bedé hachoki."

Njiani kurudi nyumbani Kambere alikuwa akiongea peke yake. Alianza kubadilisha sauti: Mama Tetemeko sauti nzito ya mama wa Beni, na adui yake mkubwa, Daktari Kutu, ambaye pumzi yake ilikula chuma cha madaraja na mabati, sauti nyembamba ya puani aliyoiiba kwa mkaguzi mmoja wa shule. Siku moja alinogewa mpaka alipofika kwenye GUDUM, akaiweka kwa mguu, kwa nguvu, juu ya baraza ya mbao. Nyumba ilitikisika. Upande wa pili wa ukuta jirani wa Habumugisha, Mama Nshobole, alitoka mbio uwanjani na mjukuu mgongoni na televisheni mikononi. Goma hatuna mchezo na mambo hayo: mlima wetu wa moto ukikohoa tu, sisi tunabeba godoro. Ilibidi Direkteri mwenyewe aende kuomba radhi, aeleze kwamba tetemeko ni yeye. Mama Nshobole alimtazama kuanzia kofia mpaka viatu. "Muzee mzima!" alisema, akarudisha televisheni yake ndani. Kesho yake alikuja na kigoda chake kusikiliza.

Kanisani pia watu waliona kitu. Jumapili ya somo la Farao, Kambere alimpa Farao sauti ya puani. Padri aligeuka. Wakristo wa mabenchi ya mbele walijua kwa mara ya kwanza kwamba Farao alikuwa mtu mbaya hasa.

Na nyumbani! Aliazima vitabu vyote vya zamani kutoka sanduku la Habumugisha, akawa anasoma kitandani, mezani, hata akingoja maji ya kuoga yachemke. Mama Kahindo alisimama mlangoni akamtazama, mikono kiunoni.

"Mutu muzima," alisema, "na ndevu zake."

"Nyamaza, mama, daraja linaanguka."

Lakini msidhani alisahau jambo lenyewe. Kila alasiri alipoinua macho kutoka ukurasani aliona yale macho mawili meupe yaliyomkabili, na aliona utando unazidi. Wiki chache nyuma Habumugisha alimjua mtu kwa kivuli chake mlangoni. Sasa alingoja mpaka aseme. Munezero alimfuata Kambere getini siku moja akamwambia kwa sauti ya chini, "Papa Kambere, daktari anauliza. Anasema tukichelewa tena, hawezi kutoa ahadi." Aliyasema hayo huku analia. Kambere alirudi nyumbani bila kuona njia.

Siku iliyofuata walifika karibu na mwisho wa kitabu. Mama Tetemeko amembana Daktari Kutu juu ya daraja. Hakuna mtu aliyewahi kuona uso wa Kutu. Kwa miaka yote, kitabu baada ya kitabu, alivaa kofia ya chuma iliyoficha kichwa chote. Habumugisha aliamini Kutu ni kaka yake Mama Tetemeko aliyepotea. Kambere aliapa kwamba ni mume wake, yule mpole anayemtengenezea cherehani. Waligombana juu ya hilo mpaka Mama Nshobole akawaamulia. Sasa kisanduku cha mwisho, chini kabisa kuume, mkono wa Kutu uko juu ya kofia, naye anasema: "Unataka kunijua, Tetemeko? Nitazame."

Kambere alishika pembe ya ukurasa ageuze. Alitaka sana kujua. Akamtazama rafiki yake, aliyekuwa amenyoosha shingo na kufungua mdomo kidogo. Na wazo likamjia. Alikifunga kitabu.

"Leo tunaishia hapa."

"Sawa. Kesho."

"Kesho hapana. Ukurasa huo utausoma mwenyewe. Na macho yako."

Sitayaandika yote aliyoyasema Habumugisha, kwa sababu mengine yalikuwa ya Kinyarwanda na mengine si ya kuandikwa. Alisema Kambere ni Kutu mwenyewe. Alisema Wanande wote ni wafanyabiashara, hata urafiki wanauza kwa mizani. Alimwita Munezero amsomee, lakini Kambere alikuwa ameshakitia kitabu ndani ya koti.

"Na mimi sitakifungua," alisema mlangoni. "Tutajua pamoja ao hatutajua. Ninaapa."

"Toka kwangu!"

Akatoka.

Siku zile zilikuwa ndefu. Kitabu kilikaa juu ya kabati, na Kambere akawa anazunguka chini yake. Mara mbili alikipandia kiti. Mara mbili alishuka. Kilichomsumbua zaidi hakikuwa uso wa Kutu. Alijiuliza: na kisu kikiteleza kweli? Rafiki yake atakaa gizani, na aliyemsukuma ni nani? Alikuwa ameinua mguu, na nyumba za watu ziko nyuma yake. Alimwambia Mama Kahindo hofu hiyo, na mama huyo, ambaye ana mzaha kwa kila jambo, hakuleta mzaha. Alimshika mkono tu.

Asubuhi moja mlango uligongwa. Habumugisha alikuwa amesimama nje, ameshikwa mkono na Munezero, amevaa koti lake la sherehe.

"Umekifungua?"

"Sijakifungua."

"Apa."

"Ninaapa mbele ya Mungu na mbele ya Mama Kahindo."

Habumugisha alitega sikio. "Hiyo ni sauti ya mutu anateseka. Ninaamini." Akarekebisha koti lake. "Nimeongea na daktari. Usidhani umenishinda. Nilikuwa ninamufikiria yule mwanamke. Kila siku anaogopa, kila siku anakanyaga. Mimi nimekaa na mguu juu tangu mwaka jana, ndugu yangu. Nimechoka." Akanyoosha mkono hewani mpaka akagusa bega la Kambere. "Ninaogopa, Kambere."

"Hata mimi ninaogopa."

"Utakuwepo?"

"Nitakuwepo. Sasa ingia ule, sura yako ni ya mutu aliyelishwa chakula cha Rutshuru."

Operesheni ilifanyika. Kambere na Munezero waliketi nje kwenye benchi, na Direkteri, mtu asiyekwama hata kwa Nebukadreza, alisali rozari akapotea katikati akaanza upya. Kesho yake waliingia wote chumbani, na Mama Kahindo nyuma na chupa ya chai. Daktari aliondoa bandeji polepole. Jicho lilikuwa jekundu, linatiririka. Habumugisha alipepesa. Alitazama dirisha, akatazama mikono yake mbele na nyuma. Alimtazama Munezero muda mrefu, akamgusa shavu.

Kisha akamgeukia Kambere.

"Yesu Maria!" alisema. "Direkteri, umezeeka!"

Mama Kahindo alipiga kigelegele kilichofika maternite, kwenye wodi ya wazazi. Munezero alicheka na kulia kwa pamoja. Kambere alipenga kamasi. Daktari aliruhusu ukurasa mmoja tu, asilichoshe jicho. Kambere akatoa kitabu ndani ya koti, akakiweka juu ya magoti ya rafiki yake, mara hii kimeelekea juu, na kukifungua pale pale walipoachia.

Habumugisha hakugeuza ukurasa. "Kaa," alisema. "Funga macho."

"Mimi?"

"Wewe ulinisomea. Sasa ninakusomea. Funga, na usichungulie, mimi ninaona."

Kambere aliketi kwenye ukingo wa kitanda akafunga macho. Alisikia karatasi ikigeuka. Alisikia rafiki yake akivuta pumzi na kuishikilia.

"Ni nani?" alisema Kambere. "Ni mume wake, sivyo? Nilisema! Ni mume wake?"

"Tulia. Kisanduku cha kwanza ni kikubwa, kimechukua nusu ya ukurasa. Kuna mbingu. Jua linatua nyuma ya daraja. Ni… ngoja. Kwanza ni rangi ya chungwa. Hapana, chungwa liko chini. Juu yake kuna manjano, halafu kuna waridi kidogo, halafu bluu. Bluu mbili, Direkteri. Moja ni ya ziwa asubuhi, ingine ni ya sare zetu za shule."

"Sawa, sawa, mbingu. Na Kutu?"

"Kwenye chuma cha daraja kuna kutu, na hata kutu ina nyekundu ndani yake. Wamechora mistari midogo, midogo kabisa. Mutu aliketi akachora kila mumoja. Chini kuna maji. Kwenye maji kuna ile mbingu tena, imekatika katika." Akauinamia ukurasa zaidi. "Kwenye ukingo wa daraja kuna ndege. Hana kazi yoyote. Wamemuweka tu. Ana doa jeupe shingoni. Ninaliona, Kambere. Ninaliona lile doa."

Kambere alifungua mdomo kuuliza tena juu ya Kutu. Alikuwa na hamu ile ile, ilimkaa kooni kama mfupa wa samaki. Lakini alisikia jinsi mwenzake anavyopumua, akaelewa kwamba Habumugisha hamfanyii inda. Alikuwa anakula kwa macho, tonge kwa tonge, na alikuwa amefunga muda mrefu. Machozi yalimtoka Kambere chini ya kope zilizofungwa, na hakuyafuta.

"Usiharakishe, ndugu yangu," alisema. "Huyo ndege, ameangalia wapi?"

Habumugisha akamweleza ndege anaangalia wapi, akaendelea na mawingu, na muuguzi alipokuja kusema kwamba inatosha kwa leo, walikuwa bado hawajatoka kwenye kisanduku cha kwanza.